Vichwa Vitatu vya Mhandisi na Ubeti wa Mke Wangu

Kabla ya wakimbizi kuja, upande wetu wa Keza ulikuwa na mashine mbili za kupigia santuri, na hakuna aliyewahi kuuliza ipi ni bora. Moja ilikuwa yangu. Ilifanana na sanduku la nguo, ilikula betri sita za tochi, na mkono wake wa kubebea sindano ulikuwa mzito kama mchi. Nyingine ilikuwa ya parokia. Hiyo ilikuwa kabati zima lenye redio ndani, na mkono wake ulikuwa mzito vilevile ila umepakwa rangi ya dhahabu. Tulidhani tofauti yote ni hiyo rangi.

Mimi ni seremala. Nilisoma mpaka darasa la saba, na elimu hiyo imenitosha kupima mbao. Ninaandika haya kwa sababu ya santuri moja tu. Padri mmoja mgeni aliwahi kuirekodi kwaya ya parokia yetu, akaenda zake, na baada ya miezi mingi ikaletwa katoni ya santuri. Nyingi zilipinda, kwa sababu katekista alizipanga dirishani kwenye jua ili watu wazione. Moja ilikuwa imeshafika kwangu, maana katika upande wa pili, wimbo wa pili, ubeti wa tatu, kwaya yote inanyamaza na mke wangu anaimba peke yake. Si kwa muda mrefu. Ukianza kumenya ndizi anapoanza, anamaliza kabla hujaitia ya tatu kwenye sufuria.

Mke wangu alikufa masika yale kambi zilipojaa. Ilikuwa kuhara damu. Yeye hakuwa mkimbizi, lakini ugonjwa haukuuliza mtu ametoka wapi. Nilimzika nyuma ya migomba, nikawashukuru waliokuja, nikaingia ndani nikaweka santuri.

Hapa niseme kweli, maana baadaye nilimwacha katekista alaumiwe, na haikuwa haki. Nilikuwa napiga ubeti ule mmoja tu. Ukiisha nanyanyua mkono kwa kidole, naurudisha, nasikiliza, nanyanyua tena. Nilifanya hivyo wiki nzima, kisha wiki nyingine, mchana kutwa, randa imelala. Sindano ilipoanza kuruka nikafanya kama tulivyofanya wote: nikaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili utulie. Iliporuka tena nikaongeza ya pili. Ndivyo tunavyolima huku. Jembe lisipoingia, unaongeza nguvu. Mwishowe mke wangu alikuwa akisikika kama anaimba huku anakaanga bisi.

Nikaacha. Ningebaki hivyo, nimenyamaza na santuri yangu imenyamaza, kama isingekuja salamu kutoka Runazi, kule Biharamulo. Ilitoka kwa mama mkwe, ikaletwa na mnunuzi wa maharage aliyeifunga kichwani neno kwa neno.

“Amesema hivi: Mwambieni mkwe wangu kwamba siku ya kumaliza msiba nitakuja. Nimeambiwa mwanangu yumo ndani ya sahani. Nataka nimsikie kabla na mimi sijaenda.”

Hakuwahi kumsikia humo. Kwao hapakuwa na mashine, na kwangu alikuwa hafiki hivi hivi. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Ni heshima, na sikuwahi kuona ubaya wake. Miaka yote ya ndoa nilimfahamu yule mama kwa mgongo wake na kwa sauti yake nyuma ya ukuta. Mazishini alikaa ndani na wanawake, mimi nikakaa nje. Sasa alikuwa anakuja kumsikia mtoto wake, na mimi mtoto wake nilikuwa nimemlima.

Nilikuwa na miezi miwili ya kutafuta mashine itakayomtoa.

Nikaanzia kwa katekista, anayetunza ile ya parokia. Ni mtu wa rika langu, na anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

“Umekuja mahali penyewe, fundi,” akasema. “Shida ni kichwa. Kichwa ni kile kidude cha mbele ya mkono kinachoshika sindano. Chetu cha parokia kinatoka Ulaya.”

“Na changu kinatoka wapi?”

“Chako nacho kinatoka Ulaya. Lakini Ulaya ya vijijini.”

Akaweka santuri yangu. Mkono wa dhahabu ukashuka, ukagusa, ukateleza kutoka ukingoni mpaka katikati kama mbuzi kwenye njia ya utelezi, ukagota kwenye karatasi. Hatukusikia hata neno.

“Umeona?” akasema. “Haukwaruzi kabisa.”

Nikaondoka na santuri yangu.

Wakati ule katekista alikuwa ameshaacha nusu ya ukatekista. Mashirika yalikuja na magari, na yeyote aliyejua Kiingereza alipata kazi. Yeye akawa mkalimani wa mhandisi wa maji, mzungu mrefu aliyechimba visima vya kambini na kuishi kwenye nyumba ya kupanga karibu na barabara ya Murusagamba. Siku moja akaja kwangu mbio. Mhandisi alitaka meza. Si meza ya kulia. Alitaka meza nzito isiyotikisika, iliyolala sawa kama maji kwenye beseni, kwa ajili ya mashine ya santuri.

Nilikwenda kupima. Nilichokiona humo ndani sijakisahau. Mashine ilikuwa na sahani nene ya kuzungusha santuri, na kando yake mikono miwili ya kubadilisha, mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama nyoka anayegeuka. Nilimuuliza katekista kwa nini miwili.

“Ulionyooka ni mwepesi. Uliopinda ni mtulivu,” akatafsiri. “Anasema amefikiri miaka kumi na moja na bado hajaamua.”

Kisha vichwa. Alikuwa navyo vitatu. Cha kwanza kilikaa kwenye kijisanduku chenye kitambaa cha bluu, kama pete. Cha pili kilikaa kwenye kijisanduku cha plastiki. Cha tatu kilikaa ndani ya kopo la peremende, pamoja na misumari midogo. Alichukua kile cha kwanza, akakifunga kwenye mkono ulionyooka, akatoa mzani mdogo kuliko kiganja changu, akapima uzito wa sindano. Alizuia pumzi. Akasogeza kijipande cha chuma nyuma ya mkono kwa unene wa unywele, akapima tena.

“Gramu moja na robo tatu,” katekista akaninong'oneza, kama tuko altareni.

Mimi asubuhi ile nilitoka kambini, nilikokuwa natengeneza rafu za ghala. Pale mahindi yalikuwa yanapimwa kwa kopo, na wanawake wanagombana na mgawaji kama kopo lipigwe mkono juu au liachwe na kilima. Sikumwona mtu akizuia pumzi.

Mhandisi akaweka santuri yake ya kinanda. Akatupigia kipande kilekile kifupi mara tatu, kila mara kwa kichwa kingine, na kila mara kwanza akapima kwa mzani. Alikaa kwenye kiti amefumba macho. Mwisho akanigeukia.

“Anauliza, umesikia tofauti?”

“Mwambie sikusikia.”

Katekista akazungumza kwa muda mrefu. Mhandisi akafurahi, akanipa mkono.

“Umemwambia nini?”

“Kwamba cha kwanza ni asali, cha pili ni maziwa, cha tatu ni maji ya kunawa.”

“Mimi sikusema hivyo.”

“Ndiyo maana wewe unachonga na mimi natafsiri.”

Kwa kuwa nilikuwa nimepewa mkono, nikaona ni saa ya kuomba. Nikaitoa santuri ya kwaya kwenye mfuko. Mhandisi akaishika kwa ncha za vidole, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kama daktari anayetazama choo cha mgonjwa. Akanirudishia.

“Anasikitika,” katekista akasema. “Anasema santuri yako itaiumiza sindano yake.”

Nimeambiwa maneno mengi katika maisha yangu, mengine mabaya zaidi, lakini hilo nililibeba njia nzima.

Aliyenisaidia kuelewa ni fundi redio mmoja wa kambini, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Alikuwa mtu wa makamo aliyekuwa na duka huko kwao, na sasa alikuwa na meza moja chini ya turubai. Alichukua kioo cha darubini iliyovunjika, akaiweka santuri juani, akaichungulia.

“Mzee, hapa amepita nani?”

“Mimi.”

“Na nini?”

“Na mashine yangu. Na sarafu mbili juu.”

Akanitazama. “Ulikuwa unasikiliza wimbo au unachimba msingi?”

Nikamwambia ni ubeti wa nani. Akaacha mzaha, akavuta kigoda nikae. Akanieleza kwa kuchora mfereji kwenye vumbi. Sauti, alisema, imeandikwa kwenye kuta za ule mfereji, kutoka juu mpaka chini. Sindano yangu ilikuwa na unene wake, ikawa inapita kimo kilekile kila siku, ikakila kimo hicho. Lakini sindano yenye unene mwingine ingeweza kupita juu kidogo au chini kidogo, pale ambapo mke wangu bado mzima.

“Kwa hiyo kipi ni bora, chembamba au kinene?”

“Sijui. Santuri ndiyo itakayosema. Anayekuambia anajua bila kujaribu, huyo anauza.”

Akaiosha kwa sabuni na sifongo ndani ya beseni, taratibu, anazunguka na mfereji. Mimi niligeuka nikatazama foleni ya maji.

Ile meza nilikuwa nimeshaimaliza. Ni ya mninga, na sijatengeneza nyingine inayoishinda. Katekista alipokuja kuichukua na vijana wanne wa kubeba, nilimwambia meza iko tayari, ila haitoki.

“Mhandisi anaisubiri.”

“Na mimi namsubiri. Mwambie nitaileta siku atakayoijaribu santuri yangu kwa vichwa vyote vitatu.”

“Fundi, huyu ni mzungu.”

“Basi mwambie kwa Kiingereza.”

Nilijua nalazimisha, na sikupenda. Lakini siku tatu baadaye tulikuwa tumesimama wote kuizunguka meza yangu, sebuleni kwake. Mhandisi aliweka pima maji juu yake, akatafuta kosa, hakuliona. Fundi redio hakuwepo. Kutoka kambini kulitaka kibali, na kibali cha kwenda kusikiliza santuri hakikuwa kwenye orodha yao.

Kichwa cha kwanza kikashushwa, kile cha kitambaa cha bluu. Kilikuwa bora kweli. Kilizisikia sarafu zangu zote mbili, kila moja kwa usafi wake. Mikwaruzo ambayo hata sikuijua ilitoka ikiwa imepangika, huku na huku, na mke wangu kwa mbali nyuma yake, kama mtu ng'ambo ya moto wa nyika. Cha pili kikatoa nusu ya maneno.

Mhandisi akataka kuishia hapo. Nikamwonyesha kopo la peremende. Akacheka kidogo, akakitoa kile cha tatu, akakipuliza vumbi, akakifunga kwenye mkono uliopinda. Sindano yake ilikuwa ya duara na nene. Hakupima kwa mzani, hakuona haja.

Mke wangu akaimba.

Bisi zilikuwepo, lakini zilikuwa chumba cha pili. Nilimsikia anavuta pumzi kabla ya mstari, jambo ambalo mashine yangu haikuwahi kunipa hata ikiwa mpya. Mahali pamoja sindano ilisita, ikapita. Niliutazama msumari kwenye ukuta mpaka ubeti ukaisha.

Mhandisi hakuamini. Akasema lazima kuna kosa. Akatoa mzani, akapima, akaandika kwenye daftari, akarudisha kile cha kwanza ili alinganishe upya.

“Mwambie asirudie,” nikamwambia katekista. “Kila mtu akirudia anamla. Mimi nilirudia mpaka akawa hivi.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema. Katekista, ambaye miezi ile niliacha watu waseme ni mashine yake ya parokia ndiyo iliyoharibu santuri, alinitazama, na mara hii alitafsiri maneno machache kama niliyoyasema. Mhandisi akauondoa mkono wake kwenye mashine. Sikumwona tena kama mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na santuri moja tu. Ndiye mwenyewe aliyesema ataileta mashine kwangu siku ya kumaliza msiba.

Siku hiyo pikapu ilikuja na mashine, spika, meza yangu na jenereta ndogo. Watu walikuwa wengi, na pombe ya ndizi ilikuwa imeiva. Mama mkwe alikuwa amefika jana yake, akapewa chumba cha mbele na kukalishwa kwenye mkeka karibu na mashine, pamoja na wanawake wenzake. Mimi nilikaa nje, chini ya dirisha, nimegeukia migomba. Tulisalimiana kwa ukuta.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mkwe. Umekonda?”

“Nimekonda kidogo, mama.”

“Nasikia kwa sauti.”

Katekista akasimama mlangoni na kutangaza masharti ya mhandisi. Sakafu ni ya udongo na inatikisika, kwa hiyo wimbo ukianza hakuna kutembea, hakuna kucheza, hakuna kuhama mkeka. Na mkono wa mashine mtu yeyote asiuguse kwa kidole, una kijiti chake maalumu cha kuunyanyua.

“Na kukohoa?” mzee mmoja akauliza.

Katekista akaenda kumuuliza mhandisi nyuma ya nyumba, akarudi. “Kukohoa kunaruhusiwa. Lakini kwa kiasi.”

Mhandisi alibaki nyuma ya nyumba, akiishikilia jenereta isibadili mwendo. Katekista ndiye aliyeachiwa mashine. Akakishusha kile kichwa cha tatu mahali nilipomwonyesha kule kwa mhandisi, mwanzo wa ubeti. Mke wangu akaanza. Ndani nilisikia mwanamke mmoja anasema jina lake, akanyamazishwa.

*Njia ilikuwa ndefu,* akaimba, *nipokee* —

Pale sindano iliposita siku ile, leo haikupita.

*Nipokee. Nipokee. Nipokee.*

Nilingoja katekista aunyanyue mkono wa mashine. Hakuunyanyua. Baadaye alisema alikuwa anakitafuta kile kijiti, na kidole hakuthubutu. Watu hawakusogea, kwa kuwa walikatazwa. Mhandisi hakusikia kwa sababu ya jenereta. *Nipokee. Nipokee.* Nilijua dawa yake, nilikuwa nimeifanya mara elfu, kwa kidole hikihiki. Na nisingeweza kuingia. Ndani ya chumba kile alikuwa ameketi mtu mmoja ambaye sikuruhusiwa kuwa naye chini ya dari moja, na binti yake alikuwa anaita juu ya kichwa chake bila kukoma.

Sikumbuki kuamua. Nilikuwa nimesimama, mkono kwenye fremu ya mlango, macho chini. Hapo nikasikia sauti ya mama mkwe.

“Ingia, mkwe. Nimejifunika.”

Niliingia kinyumenyume, nimempa mgongo, nikifuata ukuta. Kwa pembe ya jicho niliona kitenge kimefunika kichwa chote mpaka mabegani. Nikaunyanyua mkono kwa kidole, nikausogeza mbele kwa unene wa unywele, nikaushusha. Mke wangu akaendelea, lakini kutoka mstari wa mwisho. Kwaya ikampokea. Nikaizima mashine.

Hakuna aliyelia. Nadhani walikuwa wanangoja waambiwe kama inaruhusiwa.

“Ni yeye,” mama mkwe akasema chini ya kitenge. “Hata pumzi ni yake. Ila nani amemharibu pale katikati?”

Katekista akafungua mdomo. Nilimwahi.

“Ni mimi, mama. Nilimrudia kupita kiasi alipokufa. Nikaweka na sarafu.”

Nilimsikia akikunjua miguu kwenye mkeka.

“Niirudishe, fundi?” katekista akaninong'oneza. “Labda mara ya pili itapita.”

“Isirudishwe,” mama mkwe akasema. Masikio yake yalikuwa mazima. “Imebaki kidogo, iacheni. Mkwe.”

“Naam, mama.”

“Pale alipokwama. Alitaka apokewe nini?”

Mimi siimbi. Hata kanisani mke wangu alikuwa ananiambia nifungue mdomo tu, nisitoe kitu. Nilisimama nikiutazama ukuta wangu mwenyewe, nikasema ule mstari kwa sauti ya kawaida.

“*Nipokee mzigo wangu, niliojitwika tangu asubuhi.*”

“Mbona unausema kama unaagiza mbao?” akasema. “Sema vizuri. Ni mwanangu huyo.”

Nikausema tena, polepole zaidi.